Nina kiu ya safari, lakini siwezi kwenda mbali na nyumbani

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 39, nimeolewa, na nina watoto wawili, mmoja wa miaka 11 na mwingine wa miaka saba. Kabla ya kuolewa nilikuwa mtu wa njia. Mshahara wangu wa kwanza karibu wote uliishia kwenye nauli. Nilikuwa napanda basi linaloelekea nisikokujua, nashuka, nazunguka, narudi Jumapili usiku nimechoka na nimefurahi.

Miaka mitatu iliyopita mama yangu alipata kiharusi, tukamchukua akae nasi. Mchana kuna msaidizi, na dada yangu huja Jumamosi kuanzia asubuhi hadi saa nane. Lakini siwezi kulala nje ya nyumba, wala kwenda mahali ambapo nikipigiwa simu sitafika nyumbani ndani ya saa moja. Silalamiki. Mama yangu nampenda, na kama ingekuwa leo ningemchukua tena.

Tatizo ni usiku, wote wakishalala. Nashika simu naangalia picha za watu walioko milimani na baharini, mpaka naanza kutafuta nauli za ndege ambazo najua sitazilipa. Mume wangu ni mtu mwema. Ananiambia nisubiri watoto wakue. Siku moja akaniuliza, "Hapa nyumbani una kila kitu, huko nje unatafuta nini?" Nilikosa jibu, nikaenda kulia bafuni.

Nimejaribu kukimbia asubuhi, barabara ileile ya mtaani kwetu, nikachoka nayo hata mwezi haujaisha. Nikanunua baiskeli. Imeegemea ukuta. Rafiki yangu ananishauri nitafute hobi ya nje ambayo itanituliza. Je, Shangazi, hobi inaweza kweli kuziba nafasi ya safari, au nitakuwa najidanganya?

Maana ninapokumbuka safari zangu, yale majengo maarufu niliyoyapiga picha hata hayanijii. Nakumbuka siku dereva aliponishusha njia panda isiyo yangu, nikatembea mchana kutwa nikiuliza njia. Nakumbuka usiku niliolala kwenye sitaha ya boti bila kujua tutafika saa ngapi. Na asubuhi moja nilipanda kilima kilichokuwa nyuma ya nyumba ya wageni, nikakuta ng'ambo kuna ziwa ambalo hakuna aliyekuwa amenitajia.

Naogopa pia kutembea peke yangu huko nje, mimi mwanamke. Na naogopa kwamba nikizoea vitu vidogo nitaacha kutaka vikubwa.

Mimi,
Mwenye Kiu ya Njia

* * *

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza.

Nitaanza na lile swali lako gumu, kwa sababu nikilikwepa, yote nitakayosema baadaye yatakuwa ya kukubembeleza tu. Hapana, hobi haizibi nafasi yote ya safari. Kuvuka mpaka, kuamka mahali ambapo lugha ya watu huielewi, kukaa wiki nzima bila kuonana na mtu anayekujua, hayo hayapatikani mwendo wa saa moja kutoka mlangoni kwako. Lakini kwa jinsi ninavyoisoma barua yako, hayo siyo uliyoyakosa zaidi.

Tazama kumbukumbu ulizozichagua mwenyewe: njia panda, sitaha, kilima. Hakuna hata moja ambayo umeniambia ilikuwa umbali gani kutoka kwenu. Umeniambia kwamba hukujua njia inaishia wapi, hukujua boti itatia nanga lini, hukujua nyuma ya kilima kuna nini, kisha ukalipata jibu kwa miguu na macho yako mwenyewe. Wapenda safari hawafanani. Kuna anayetaka kuikimbia simu, kuna anayetaka mwili uchoke, kuna anayetaka watu wapya wa kuongea nao. Wewe unataka kugundua. Ndiyo maana kukimbia kulikushinda, wala si uvivu. Barabara ileile kila asubuhi haikuulizi swali lolote.

Aliyeliona hilo kabla yetu ni ofisa wa jeshi la Uswidi, Ernst Killander. Mwaka 1919 aliona vijana wanapoteza hamu ya riadha, akaandaa mashindano nje ya Stockholm ambayo ndani yake kila mkimbiaji alikuwa na ramani na dira. Walipaswa kuvifikia vituo vilivyopangwa, lakini njia ya kwenda kituo hadi kituo kila mmoja aliichagua mwenyewe. Mbio ni zilezile, ila sasa kichwa nacho kina kazi: nipite bondeni au nizunguke mlima? Ule uwazi mbele yangu ndio huu ulio kwenye ramani? Mchezo huo leo unaitwa orienteringi, na una shirikisho la kimataifa tangu 1961. Kama kuna klabu unakoweza kufika, nenda. Wanaoanza hupewa mizunguko mifupi, unaruhusiwa kutembea badala ya kukimbia, na utakuwa umezungukwa na watu. Kwa hofu yako ya kuwa peke yako, sijui mwanzo ulio bora kuliko huo.

Kama klabu haipo, ramani ipo. OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea tangu 2004, unaweza kuipakua kwenye simu bure na kuitumia hata pasipo na mtandao. Ukipata ya karatasi ni bora zaidi kwa kujifunzia. Kwenye ramani ya kipimo cha 1:50,000 kila sentimita mbili ni kilomita moja ya ardhi. Mistari ya kontua, ile inayounganisha sehemu zenye kimo sawa, ikisongamana, hapo mwinuko ni mkali. Ikiachana, utatembea kwa raha. Nenda nayo mahali unapopafahamu, simama, izungushe mpaka ilingane na unachokiona mbele yako. Rudia hivyo mara kadhaa na mistari itaanza kugeuka kuwa mabonde na vilima machoni pako. Ukishafika hapo, ramani ya mahali usipopajua inakupa hamu ileile uliyokuwa ukiipata mbele ya basi.

Sasa chora duara. Umesema lazima uweze kurudi ndani ya saa moja. Kwa baiskeli, kwenye njia ya kawaida na bila kujitesa, saa moja ya kurudi inakuruhusu kufika kilomita 10 kutoka nyumbani hata barabara zikipindapinda. Duara la kilomita 10 kila upande lina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 300. Ukitoa njia ya kazini, ya shule na ya sokoni, umewahi kukanyaga kiasi gani cha eneo hilo? Mtu aliyeishi mahali miaka mingi hudhani anapajua, kumbe anajua mistari mitatu minne tu inayopita humo.

Ndani ya duara hilo tafuta kijito. Chochote, hata kile kinachopita chini ya daraja la barabara kuu ambacho hakuna anayekitazama mara mbili. Kifuate kuelekea kinakotoka. Huwezi kukimaliza siku moja, na hapo ndipo penye utamu: Jumamosi hii unaanzia darajani, unaishia kwenye mti fulani au uzio fulani, Jumamosi ijayo baiskeli inakupeleka hadi pale ulipoishia, unaiacha kwa mwenyeji uliyeelewana naye, unaendelea kwa miguu. Kitajigawa mara mbili na itabidi uamue lipi ni tawi kuu. Kitapotea kwenye majani. Kitapita kwenye shamba la mtu na utabisha hodi kuomba ruhusa ya kupita, na wewe uliyewahi kutembea mchana kutwa ukiuliza njia sidhani hilo litakusumbua. Utakuwa unaifikiria Jumamosi kuanzia Jumatano. Kati ya yote ninayokuandikia leo, kama utafanya moja tu, fanya hili.

Kwa kupanga muda wa miguu, tumia kanuni ya William Naismith, mpanda milima wa Uskoti, aliyoitoa mwaka 1892 na wapanda milima bado wanaitumia: saa moja kwa kila kilomita tano, na uongeze saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Ni hesabu ya mtu mkakamavu asiyesimamasimama. Ukiwa na mtoto wa miaka saba, ongeza nusu ya muda huo, na usishangae ukizidi.

Hiyo ni Jumamosi. Siku nyingine, ambapo huwezi kutoka kabisa, nakushauri ndege, na namaanisha wale wenye mbawa. Najua wengi huona kutazama ndege ni shughuli ya waliostaafu. Lakini fikiri: mbayuwayu mwenye uzito wa gramu 20 hivi, anayepita juu ya paa, anaweza kuwa amezaliwa Ulaya na sasa yuko njiani kwenda kusini mwa Afrika, au anarudi. Mwaka 2022 godwit mmoja, ndege wa ufukweni mwenye mdomo mrefu, alifuatiliwa kwa setilaiti akiruka kutoka Alaska hadi Tasmania, takriban kilomita 13,560, siku 11 hewani bila kutua. Wasafiri wakubwa kuliko binadamu yeyote wanapita juu ya nyumba zetu, na sisi tuko chini tunaangalia simu tukitamani kusafiri.

Na kuna jambo humu linalokuhusu moja kwa moja. Phoebe Snetsinger, Mmarekani, alikuwa mama wa nyumbani mwenye watoto wanne. Mwaka 1965 jirani yake alimpa darubini atazame ndege, na yakaanzia hapo, mtaani kwake. Miaka 30 baadaye alikuwa mtu wa kwanza kuona zaidi ya aina 8,000 za ndege, na kuzipata alikuwa amezunguka dunia. Safari zake kubwa zilikuja baadaye, akiwa tayari anajua anachokitafuta.

Darubini ya mkono iliyoandikwa 8x42 inatosha: inakuza mara nane, na lenzi zake za mbele zina upana wa milimita 42, kwa hiyo hata jioni mwanga unaingia wa kutosha. Usishawishike na ya kukuza mara 12 au zaidi. Mkono ukitetemeka kidogo tu, ndege hukai naye. Azima kwanza kabla ya kununua. Programu ya Merlin, ya Chuo Kikuu cha Cornell, ni ya bure na hukusaidia kutambua ndege kwa sauti au picha, na rekodi zako unaweza kuziingiza kwenye tovuti ya eBird, ambako tangu 2002 zinawasaidia wanasayansi kujua ndege gani wapo wapi na majira gani.

Mtoe na mama yako. Sijui kiharusi kimemwachia uwezo gani, lakini kiti kikiwekwa kivulini asubuhi, hata mtu asiyeweza kuongea vizuri anaweza kunyoosha kidole kuonyesha ndege alipo. Umeandika juu yake kama sababu ya wewe kubaki ndani. Sikulaumu. Nasema tu kwamba naye amefungiwa, tena zaidi yako, na huenda hajaulizwa kama angependa kutoka.

Usiku darubini hiyohiyo ielekeze juu. Zima taa, ziweke simu pembeni, subiri dakika 20 hadi 30 macho yazoee giza. Egemeza mikono ukutani, itafute sayari ya Mshtarii inapokuwa angani: pembeni yake utaona nukta ndogo zimejipanga mstari. Ni miezi yake mikubwa, ileile ambayo Galileo aliiona Januari 1610. Tazama tena kesho yake, zimehama. Na kama unaweza kupata anga lenye giza kamili, kuna galaksi ya Andromeda, wingu dogo hafifu linaloonekana hata kwa macho matupu. Mwanga wake umesafiri takriban miaka milioni 2.5 hadi kukufikia. Hapo umefika mbali kuliko nauli yoyote ya ndege uliyokuwa ukiiangalia saa hizohizo za usiku.

Watoto wako umri wao ni mzuri kwa mchezo wa kusaka hazina kwa GPS, ambao wenyewe huuita jiokeshingi. Mchezo huo ulizaliwa Mei 2000, siku moja baada ya serikali ya Marekani kuondoa kasoro iliyokuwa ikiiweka kwa makusudi kwenye GPS ya raia. Mtu mmoja akaficha ndoo msituni Oregon, akatangaza majiranukta, yaani namba zinazoonyesha mahali ilipo, wengine wakaenda kuitafuta. Sasa vikasha vimefichwa karibu kila nchi. Kama hakuna kilicho karibu nanyi, fichianeni nyumbani kwa nyumbani. Yule wa miaka 11 mpe ramani ashike yeye, na akikosea njia mwache akosee kwanza.

Kuhusu usalama, hofu yako ina msingi na sitaki uipuuze. Ukiwa mgeni wa shughuli hizi nenda na mtu au kundi. Kila ukitoka, hata kwa saa mbili, mwachie mtu maandishi: unapita wapi, unarudi saa ngapi, na saa ngapi aanze kukutafuta. Beba filimbi, ishara ya kimataifa ya milimani ni kupuliza mara sita ndani ya dakika, kupumzika dakika moja, kisha kurudia. Radi ikianza, hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo: kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Zikipungua chini ya 30, shuka mlimani, toka majini, usijikinge chini ya mti uliosimama peke yake. Na moyo ukikuambia mahali fulani si pazuri, geuza baiskeli bila kuhitaji sababu. Kijito kitakuwepo wiki ijayo.

Vifaa? Viatu vilivyoizoea miguu yako na soksi zisizokusugua, maana malengelenge yamewakatisha tamaa watu wengi kuliko milima. Maji, kizuia mvua, tochi hata kama unapanga kurudi mchana. Mengine azima mpaka ujue unachokipenda.

Sasa mume wako. Yeye hajakuzuia, amekuuliza swali ambalo hukuwa na jibu lake. Leo unalo: huko nje natafuta mahali nisipopajua. Mwambie hivyohivyo, kisha kaeni mpange saa. Jumamosi dada yako akiwa kwa mama, watoto wako na baba yao hadi saa nane, na yeye naye apate siku yake ambayo wewe ndiye unabaki. Iandikeni kwenye kalenda. Saa ambayo haijaandikwa ndiyo ya kwanza kuliwa na kazi za nyumbani. Usimlazimishe kuja nawe. Mwanzoni ningependa hata uende bila yeye, ili urudi na kitu cha kumsimulia. Ila ule ushauri wa kusubiri watoto wakue mimi siukubali. Goti lako halisubiri, na mama yako unamuuguza vizuri zaidi ukiwa umepata hewa.

Na daftari, tafadhali, kabla ya picha. Andika ulianzia wapi, uliona nini, swali gani limebaki. Kwa wiki za mwanzo usimtumie mtu yeyote picha yoyote. Umekuwa ukitazama safari za wengine kwa muda mrefu, na kishawishi cha kuifanya yako iwe ya kutazamwa kitakuja mapema.

Umeogopa kwamba ukizoea vidogo utaacha kutaka vikubwa. Kwa watu wa ramani na ndege ninaowafahamu, haijawa hivyo. Wanaijua kontua ya mlima wa nchi ya mbali kabla hawajapata viza. Utakapopata nafasi ya kwenda mbali tena, utakwenda ukiwa unasoma ramani, unajua mwendo wako, unatambua ndege wa kwako na yule mgeni, na hutamtegemea dereva akushushe njia panda sahihi. Kwa hiyo kama una akiba ya safari, ndogo kiasi gani, usiiguse kwa kununulia vifaa. Iache ikae, na kila mwezi uongeze kidogo.

Shangazi yako